Mbio za Gigahezi Sita: Ubora na Udhaifu wa Core i9-14900K

Tarehe 17 Oktoba 2023 Intel iliingiza sokoni Core i9-14900K, prosesa ya kompyuta za mezani yenye viini 24 na kasi inayofika gigahezi 6, kwa bei elekezi ya dola 589. Ilikuwa miongoni mwa prosesa zenye kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kuuzwa kwa mnunuzi wa kawaida, na katika kazi nyingi iliistahili sifa hiyo. Miezi kumi haijatimia, kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba waranti ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 inaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa zikichakaa kabla ya wakati.

Wengi huzisimulia habari hizi mbili kila moja peke yake: moja ya ushindi, nyingine ya ajali. Uchambuzi huu unaziweka pamoja. Kasi iliyoifanya 14900K itamaniwe na kasoro iliyokuja kuichafulia jina zina mzizi mmoja, nao ni kile kipande cha mwisho cha kasi, zile asilimia chache za juu kabisa, ambazo hununuliwa kwa volti. Anayeijua bei ya kipande hicho anaweza kuipima prosesa yoyote ya daraja la juu, iwe ya Intel au ya AMD.

Kilichomo ndani

14900K ina viini vya aina mbili: vikubwa 8 na vidogo 16. Kila kiini kikubwa huendesha nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, na kila kidogo huendesha uzi mmoja, hivyo jumla ni nyuzi 32. Mpangilio huu, ambao simu za mkononi zilikuwa nao kwa miaka mingi, uliingia kwenye kompyuta za mezani za Intel Novemba 2021 pamoja na kizazi cha 12, Alder Lake.

Sababu yake ni eneo. Viini vidogo vinne huchukua nafasi inayokaribiana na ya kiini kikubwa kimoja, na kazi inapoweza kugawanywa, vinne hivyo kwa pamoja hufanya zaidi ya kile kimoja. Kwa hiyo viini 16 vidogo vimekaa mahali ambapo vingeingia vikubwa vinne tu. Kazi isiyogawanyika huachiwa vile vikubwa. Ndani ya prosesa kuna kifaa kinachoiarifu Windows 11 kazi ipi ipelekwe wapi. Windows 10 haina uelewa kamili wa taarifa hizo, na kwenye mfumo huo kazi nzito wakati mwingine hujikuta kwenye kiini kidogo.

Mchanganyiko huu ulidai gharama yake. Viini vikubwa vya Intel vilikuwa na uwezo wa maagizo ya AVX-512, yanayoharakisha hesabu fulani za kisayansi na za akili mnemba. Viini vidogo havikuwa nao. Kwa kuwa programu haiwezi kuanza hesabu kwenye kiini kinachoyajua maagizo hayo kisha ikahamishiwa kwenye kisichoyajua, Intel iliuzima uwezo huo wote. AMD, ambayo prosesa zake za Ryzen 7000 zina viini vya aina moja, iliingiza AVX-512 mwaka 2022, pale pale Intel ilipoitoa.

Jambo la pili la kujua ni teknolojia iliyotumika kuitengeneza chipu yenyewe. Intel huiita Intel 7, lakini ni toleo lililoboreshwa la ile iliyokuwa ikiitwa nanomita 10. Mshindani wake, Ryzen 9 7950X ya AMD, ilitengenezewa Taiwan na TSMC kwa teknolojia ya kizazi cha nanomita 5. Transista za Intel, kwa maneno mengine, zilikuwa kubwa zaidi na zenye kula umeme zaidi. Kampuni isiyoweza kuzipunguza transista zake hubakiwa na njia tatu za kuongeza nguvu: kuongeza viini, kuongeza kasi, au kuruhusu umeme mwingi zaidi upite. Intel ilizitumia zote tatu.

Mwaka 2022 ilikuwa imeongeza viini kwa 13900K, kutoka 16 hadi 24. Mwaka 2023 haikuwa na chipu mpya ya mezani ya kuonyesha, kwani muundo wake mpya, Meteor Lake, uliishia kwenye kompyuta mpakato. Hivyo 14900K ni 13900K ile ile, yenye viini vile vile na kache ile ile ya megabaiti 36, iliyosukumwa kutoka gigahezi 5.8 hadi 6.0. Nyongeza hiyo ni ya asilimia 3.4.

Inapong'ara

Tusiidhulumu. Hata baada ya yote yaliyosemwa juu yake, hii ni prosesa yenye uwezo mkubwa, na mahali pa kwanza uwezo huo unapoonekana ni kwenye kazi za uzi mmoja. Programu nyingi za kila siku bado hutegemea kiini kimoja au viwili: kuchora kwenye AutoCAD, kufungua faili zito la hesabu, kuendesha kurasa za wavuti zilizojaa programu, kuhariri picha. Hapo wingi wa viini hausaidii, husaidia kasi ya kile kimoja. Kwa kazi hizo 14900K ilikuwa kileleni ilipotoka.

Pili, inaziweza kazi zinazogawanyika: kutengeneza picha za 3D kwa Blender, kukusanya programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake, kukandamiza mafaili, kuendesha kompyuta pepe kadhaa kwa wakati mmoja. Hapa ilipambana bega kwa bega na 7950X, yenye viini 16 vikubwa na iliyozinduliwa kwa dola 699. Katika majaribio mengine ilishinda moja, katika mengine nyingine. Chipu ya teknolojia ya zamani kuweza kusimama sawa na ya teknolojia mpya ni sifa kwa wahandisi walioibuni.

Tatu ni faida ambayo wapimaji wa gemu huipita kimya, ilhali watengenezaji wa video wanaijua vizuri. Ndani ya 14900K kuna sehemu ya picha, UHD Graphics 770. Kwa gemu ni dhaifu. Lakini ina mtambo wa kusoma na kuandika video, Intel huuita Quick Sync, unaoweza kufungua moja kwa moja video za HEVC zenye rangi za 4:2:2 za biti 10. Huo ndio mpangilio ambao kamera nyingi za kisasa za Sony na Canon huurekodi. Kadi za picha za NVIDIA hazikuweza kuusoma kwa maunzi hadi kizazi cha RTX 50 kilipotoka mwaka 2025. Studio ya harusi ya Dar es Salaam au Nairobi inayohariri saa nne za picha za kamera tatu huiona tofauti hiyo papo hapo: video inateleza kwenye skrini badala ya kukwama kila mhariri anapoigusa.

Nne, iliwafaa watu waliokwisha kununua. Soketi yake, LGA1700, ni ile ile ya kizazi cha 12, na prosesa inakubali RAM za DDR4 na za DDR5, ikitegemea ubao mama. Mtu aliyekuwa na Core i5 ya mwaka 2022 na RAM za DDR4 aliweza kusasisha BIOS, akachomoa prosesa ya zamani na kuchomeka hii, bila kununua RAM mpya wala ubao mpya. AMD kwa upande wake ilikuwa imehamia soketi ya AM5, isiyokubali ila DDR5, wakati RAM hizo zilikuwa bado ghali.

Gigahezi sita ni za nani?

Tangazo linasema gigahezi 6.0. Maelezo ya kiufundi yana masharti. Kasi hiyo ni ya viini viwili vikubwa kati ya vinane, vile vilivyoonekana bora zaidi kiwandani, na hupatikana pale tu joto la chipu lisipozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Viini vyote vikubwa vinapofanya kazi pamoja, kasi ya juu ni gigahezi 5.6. Vile vidogo huishia 4.4. Ikiwa kazi ni nzito na ya muda mrefu, kasi hushuka zaidi ya hapo kufuatana na umeme na joto.

Kwa nini masharti hayo? Umeme unaotumiwa na transista hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Ili transista ziwahi kubadilika kwa kasi kubwa zaidi, sharti zipewe volti zaidi. Tuseme kasi imeongezwa kwa asilimia 10, na volti nayo ikahitaji kuongezwa kwa asilimia 10. Matumizi ya umeme hayapandi kwa 10 wala kwa 20, hupanda kwa asilimia 33. Na kadiri chipu inavyokaribia mwisho wa uwezo wake, ndivyo volti inavyolazimika kupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Asilimia 3.4 za mwisho ndizo ghali kuliko zote.

Intel yenyewe ilitoa ushahidi wa hili bila kukusudia. Ilipozindua 13900K ilidai kwamba, kwa kazi za viini vingi, prosesa hiyo ikifungiwa wati 65 hutoa nguvu sawa na 12900K ya kizazi cha 12 inayokula wati 241. Madai hayo yalikuwa ya kujisifu. Yanaonyesha pia kwamba chipu hii ina tabia njema ikiachwa katikati ya uwezo wake, na kwamba ulafi wake wote unatokana na kusukumwa hadi ukingoni.

Kusukumwa huko kulikuwa kwa kiasi gani? Kiwango rasmi cha 14900K ni wati 125 za msingi na wati 253 za juu. Lakini mbao mama nyingi za daraja la juu zilikuja kutoka kiwandani zikiwa zimeweka kikomo cha wati 4096, tarakimu ambayo maana yake ni kwamba kikomo hakipo. Watengenezaji wa mbao walishindana kuonekana na kasi kwenye majaribio, na Intel kwa muda mrefu haikuwazuia. Matokeo ni kwamba wapimaji waliona prosesa moja ikivuta zaidi ya wati 300, ikigota kwenye nyuzi 100, ambazo ndizo kikomo chake cha joto, hata ikiwa chini ya kipozeo kikubwa cha maji.

Chipu yenyewe ina ukubwa wa takribani milimita za mraba 257. Wati 253 kwenye eneo hilo ni karibu wati moja kwa kila milimita ya mraba. Tatizo la kuipoza halimalizwi na feni kubwa, kwa sababu joto lazima kwanza litoke kwenye eneo dogo hivyo kabla feni haijalifikia.

Hapa msomaji wa pwani ana hesabu yake ya pekee. Kipozeo hutegemea tofauti kati ya joto la chipu na la hewa ya chumbani. Chumba chenye nyuzi 22, cha kiyoyozi, kinaiachia chipu nyuzi 48 kabla ya kufika zile 70 za sharti la gigahezi 6. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam chenye nyuzi 32 kinaiachia 38. Kwa kipozeo kile kile, karibu moja ya tano ya nafasi imekwishaliwa na hali ya hewa kabla kompyuta haijawashwa. Anayenunua 14900K kwa ajili ya gigahezi 6, kisha akaiweka kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, hulipia kasi atakayoiona kwa nadra.

Umeme nao una mambo yake. Wati 253 kwa saa sita za kazi nzito ni uniti moja na nusu kwa siku, kwa prosesa peke yake. Ukiongeza kadi ya picha ya daraja linalolingana nayo, mashine huvuka wati 500 kwa urahisi, wakati UPS ndogo ya VA 650, iliyozoeleka maofisini, uwezo wake huishia wati 400 hivi au pungufu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, UPS hiyo itazima papo hapo badala ya kumpa mtu dakika za kuhifadhi.

Chipu iliyokosea hesabu

Mwanzoni mwa 2024 malalamiko yalianza kulundikana. Gemu zilizotengenezwa kwa Unreal Engine zilikuwa zikifunga ghafla kwenye mashine zenye 13900K na 14900K, zikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Wenye mashine walilaumu kadi za picha, wengine wakazibadilisha. Tatizo likabaki.

Dalili ilijitokeza hasa wakati wa kufungua data iliyokandamizwa kwa Oodle, programu ya RAD Game Tools inayotumiwa na gemu nyingi. Kazi hiyo inaielemea prosesa na ina utaratibu wa kukagua matokeo yake. Biti moja ikikosewa, mkaguzi anagundua. RAD ikawaambia wazi watumiaji kwamba kosa haliko kwenye programu yake, na Aprili 2024 NVIDIA nayo ikawaelekeza wenye tatizo waende Intel. Hilo ndilo lililotisha. Prosesa iliyokufa hujulikana mara moja, lakini hizi zilikuwa zinawaka, zinafungua Windows, zinacheza muziki, na mara moja moja zinakosea hesabu. Mhasibu, mhandisi au mtafiti mwenye programu isiyojikagua hangekuwa na njia ya kulitambua kosa hilo.

Intel ilichukua miezi kufika kwenye chanzo. Kwanza ilielekeza mbao mama zirudishwe kwenye vikomo rasmi. Julai 2024 ikakiri kwamba maikrokodi yake yenyewe, yaani programu ndogo inayoiongoza prosesa kutoka ndani, ilikuwa ikiomba volti kupita kiasi. Agosti ikatoa maikrokodi ya 0x129, iliyozuia maombi ya volti zaidi ya 1.55, na Septemba ikatoa 0x12B pamoja na maelezo kamili: sakiti inayosambaza mapigo ya saa ndani ya kiini huzeeka ikikaa kwenye volti na joto la juu, na ikishazeeka, kiini huhitaji volti kubwa zaidi kuliko mwanzo ili kifanye kazi ile ile bila kukosea.

Ndani ya maelezo hayo mna jambo linalopaswa kusomwa mara mbili. Miongoni mwa hali zilizoleta madhara, Intel ilitaja volti kubwa zinazoombwa wakati kompyuta imetulia au ina kazi nyepesi. Mtu angedhani chipu huumia wakati wa kazi nzito. Lakini kazi nzito huviweka viini vyote kwenye kasi ya chini kidogo. Ni wakati wa kazi nyepesi, mtu anapofungua ukurasa au kubofya faili, ndipo kiini kimoja au viwili vinapowania gigahezi 6, na ndipo volti inapofika kileleni. Kasi iliyotangazwa kwenye boksi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiila chipu.

Maikrokodi mpya huzuia madhara yasianze, haiyaponyi yaliyokwisha kutokea. Tatizo pia halikuishia kwa i9, kwani Intel ilisema prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14 zenye wati 65 za msingi au zaidi zimo hatarini. Lakini zilizokuwa kileleni ndizo zilizokuwa karibu zaidi na ukingo.

Yaliwahi kutokea

Kwa aliyekuwepo mwaka 2000, kisa hiki kina sura ya kujulikana. Machi mwaka huo AMD iliiwahi Intel kwa siku mbili kufika gigahezi 1. Intel ikataka kurudi mbele, na mwishoni mwa Julai ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Wapimaji waligundua kwamba prosesa hiyo inashindwa kukusanya msimbo wa Linux bila kukosea, na mwezi mmoja baada ya kuitoa Intel ikaiondoa sokoni.

Ikafuata Pentium 4, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kasi ya saa, huku Intel ikitabiri kwamba muundo wake utafika gigahezi 10. Tangu 1974, Robert Dennard wa IBM alikuwa ameeleza kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volti nayo inaweza kupunguzwa, hivyo joto kwa kila eneo lisiongezeke. Kanuni hiyo iliibeba sekta nzima kwa miongo mitatu, kisha ikakoma: transista ziliendelea kupungua, volti ikakataa kushuka nazo. Pentium 4 iliishia gigahezi 3.8. Oktoba 2004 Intel iliifuta ile ya gigahezi 4. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwaka 2006 Core 2 Duo ikaja na kasi ndogo zaidi ya saa, ikaipita Pentium 4 kwa mbali kwa sababu ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo.

Haitakuwa haki kudhani kwamba Intel ndiyo peke yake yenye maradhi haya. Aprili 2023 baadhi ya prosesa za AMD Ryzen 7000X3D ziliungua, pamoja na soketi zake, kwa sababu mbao mama zilikuwa zikiipa sehemu moja ya chipu volti kupita kiasi. AMD ililazimika kuweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu hiyo. Tofauti ni kwamba AMD ilikuwa na njia nyingine ya kuongeza nguvu, na njia hiyo ndiyo iliyoifichua zaidi 14900K.

Mpinzani asiyekimbia

Ryzen 7 7800X3D ilitoka Aprili 2023 kwa dola 449. Ina viini 8 tu, na kasi yake ya juu ni gigahezi 5.0. Ukizilinganisha namba za kwenye boksi, isingestahili hata kutajwa karibu na 14900K. Lakini kwenye gemu nyingi ilikwenda sawa nayo au kuipita, ikila umeme ambao aghalabu haukufika wati 90.

Siri yake ni kache ya megabaiti 96, iliyopatikana kwa kubandika chipu ya ziada ya kumbukumbu juu ya ile ya viini. Gemu hutumia muda mwingi kusubiri data kutoka kwenye RAM, na prosesa inayosubiri hainufaiki na gigahezi 6, kwani itasubiri tu kwa haraka zaidi. Kache kubwa huiweka data karibu na kuufuta muda wa kungoja. AMD iliwekeza kwenye kungoja kidogo, Intel kwenye kukimbia sana, na kwa gemu wa kwanza ndiye aliyekuwa sahihi.

7800X3D nayo ina udhaifu wake. Kwa viini 8 haiwezi kufukuzana na 14900K kwenye Blender au kwenye kazi ya kukusanya msimbo, na kwenye video haina Quick Sync. Kwa anayecheza na pia kufanya kazi ilikuwepo Ryzen 9 7950X3D, yenye viini 16 na kache ya L3 ya megabaiti 128, kwa dola 699 na kikomo cha wati 162. Hiyo nayo ina usumbufu wake: kache ya ziada ipo kwenye nusu moja tu ya viini, hivyo Windows inapaswa kukisia gemu iendeshwe upande upi.

Hata ndani ya nyumba ya Intel kulikuwa na mpinzani. Core i7-14700K ilitoka siku moja na 14900K kwa dola 409, ikiwa na viini 20 na kasi ya gigahezi 5.6. Tofauti ya bei ni dola 180, yaani asilimia 44 juu, kwa viini vinne vidogo na gigahezi 0.4. Kwenye gemu tofauti kati yao ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Na Intel ilipoleta mrithi Oktoba 2024, Core Ultra 9 285K, kasi ya saa ilishuka hadi gigahezi 5.7, viini vikubwa vikaacha kuendesha nyuzi mbili mbili, na sehemu ya viini ikatengenezwa na TSMC. Ulaji wa umeme ukapungua. Kwenye gemu, hata hivyo, mara nyingi haikuipita 14900K, na pengine iliachwa nyuma. Kurudi kutoka ukingoni kuna gharama yake pia. Soketi nayo ilibadilishwa, na LGA1700 ikawa njia iliyofika mwisho, wakati AMD imeahidi kuendelea kuihudumia AM5.

Hukumu, kwa kila mnunuzi

Kwa mchezaji wa gemu, 14900K haikuwa chaguo bora siku ilipotoka na si chaguo bora sasa. Prosesa za AMD zenye kache ya ziada hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo, umeme mdogo na kipozeo cha kawaida.

Kwa mhariri wa video au mbunifu mwenye ubao wa LGA1700 na RAM alizokwisha kuzilipia, bado ina maana, hasa kwa sababu ya Quick Sync, ingawa 14700K humpa karibu yote hayo kwa pesa pungufu. Anayejenga mashine mpya kuanzia sifuri hana sababu ya kuingia kwenye soketi iliyofika mwisho.

Kwa anayetaka ya mtumba, tahadhari ni kubwa zaidi, na hapa soko letu lina la kujali, kwani prosesa iliyouzwa Ulaya au Ghuba mwaka 2023 huweza kufika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, baada ya miaka michache. Uchakavu wake hauonekani kwa macho, na kuwaka kwake dukani hakuthibitishi chochote. Afadhali mnunuzi adai ijaribiwe kwa kazi inayojikagua, kama vile kukandamiza na kufungua faili kubwa mara nyingi kwa programu ya 7-Zip, ambayo ina jaribio lake lenyewe. Kosa moja likitokea, aiache. Na asihesabu waranti ya miaka 5 kama mali yake bila risiti ya mnunuzi wa kwanza.

Kwa aliyekwisha kuimiliki, dawa ni nafuu. Asasishe BIOS ipate maikrokodi mpya, ahakikishe kikomo cha umeme ni kile cha Intel na si cha mtengenezaji wa ubao, na kama chumba chake ni cha joto aishushe hata hadi wati 125. Atapoteza sehemu ya nguvu kwenye kazi nzito sana, na kwenye kazi nyingine hatajua kwamba amepoteza kitu. Atakachopata ni prosesa ambayo Intel ingeweza kuiuza tangu mwanzo kama isingekuwa na haja ya kuandika namba 6 kwenye boksi: yenye viini vile vile 24, tulivu, na yenye umri mrefu zaidi mbele yake.